Zuhura na kitabu kilichofunguliwa kwa nyuma

Mtoto kafungua kitabu cha Kichina kinyumenyume, mbele ya wageni wote!

Leo skuli yetu hapa Mtoni imepokea vitabu kutoka China, zawadi ya urafiki. Mimi ndiye ninayefundisha Kichina, kwa hiyo nilikuwa pia mkalimani.

Mwalimu mkuu alishanionya asubuhi: "Bi Salma, hivi ni vya heshima. Vitakaa kabatini. Watoto watavichana."

Nikamsihi, angalau mtoto mmoja akishike kimoja. Akakubali shingo upande.

Nikamwita Zuhura, wa darasa la tatu.

"Naam, mwalimu."

Akakipokea kwa mikono miwili, akakifungua kuanzia kulia, kama juzuu ya chuoni anakosoma Kurani.

Wenzake wakaangua kicheko. "We Zuhura, huo si msahafu!"

Mwalimu mkuu akanitazama. Nikajua kabati limeshinda.

Nikainama nimgeuzie. Mmoja wa wageni wetu wa China, mama wa makamo, akanizuia mkono. Akasema kwa Kichina, nami nikatafsiri:

"Mwache. Zamani kwetu China, vitabu vya babu yangu vilifunguliwa hivyo hivyo, kuanzia kulia."



Kisha mwalimu mkuu akacheka mpaka akavua kofia.

"Haya Bi Salma, wagaie. Wafungue upande wautakao, mradi wasome."

Nyie, nililia kidogo. Sioni haya kusema.

Tukitoka, Zuhura akanivuta baibui.

"Mwalimu, kumbe babu yake yule mama naye alisoma chuoni?"

Nyinyi mngemwambia nini?