Mahali pa Kulow Kujibu

Naimo aliingia kambi ya Dadaab akiwa msichana mdogo, ameshika upindo wa nguo ya mama yake, na mpaka leo ana mjukuu, hajatoka. Kutoka kunataka kibali, na kibali kina wenyewe. Safari hii alikuwa na sababu moja tu: Idman, binti wa marehemu dada yake, alikuwa anaolewa Garissa, na Naimo alimwahidi dada yake kabla hajakata roho kwamba yeye ndiye atakayemwimbia bibi harusi. Ofisini akaambiwa harusi si sababu. Labda angeugua wangemfikiria.

Naimo huimba qaraami, zile nyimbo za kale za mapenzi zinazopigiwa kaban, gambusi la Wasomali. Mpigaji wake ni Kulow, mzee wa Garissa aliyekuwa akiuza nguo kambini miaka ile. Katika qaraami nyuzi hazimkimbizi mwimbaji. Anaimba mstari, ananyamaza, kaban inamjibu, ndipo anaendelea.

Basi akajirekodi kwa simu, amejifunika blanketi ili mbuzi wa jirani wasisikike, akimwachia Kulow kila mahali pake pa kujibu. Akamtumia Idman, ili siku ya harusi Kulow aipigie kaban pale pale.

Alasiri ya harusi Idman alimpigia, akaiacha simu wazi. Naimo akakaa kitandani, sikio limeganda. Mara sauti yake mwenyewe ikatoka kwenye spika mbio mbio, mstari juu ya mstari, kama mtu anayewahi foleni ya mgao wa chakula. Kaban ikaingia, ikapotea, ikanyamaza. Wanawake wakaguna. Naimo aliona aibu kubwa.

"Zima hiyo," Kulow alisema kutoka nyuma ya pazia, maana huko ndiko mpigaji mwanamume hukaa wanawake wakisherehekea.

Abdiqani, mwenye spika, akajitetea. "Mimi nilitoa ile mahali mama alinyamaza. Nilifikiri ni simu inakata."

Naimo alitaka kucheka, akajikuta analia. Hata kunyamaza kwake kumenyimwa ruhusa ya kufika Garissa.

"Naimo," Kulow akasema, sasa simu iko karibu naye. "Imba wewe mwenyewe. Mimi nitakungoja."

Akaimba mstari wa kwanza, akanyamaza kusikiliza jibu. Simu ikavuma tu. Mtandao ulikuwa umeanza vituko vyake. Hakujua kama anasikika. Akavuta pumzi, akakadiria mahali ambapo nyuzi zingemalizia, akaimba wa pili. Hivyo hivyo hadi mwisho, akiutazama ukuta wa bati, akimwachia Kulow nafasi yake kila mara bila kusikia hata uzi mmoja.

Kisha vigelegele vikapenya, na Idman akaja kwenye simu akilia, akimwita mama mdogo kwa Kisomali.

"Habaryar, umesikia alivyokujibu? Ungedhani mmekaa pamoja."

Naimo alijifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. "Nimesikia yote."