Mishipa ya Mama na Njia ya Bondeni

Mama alipoambiwa ana presha, kwetu Chilangala wengi tulidhani huo ni ugonjwa wa watu wa ofisini. Tulikwenda naye Masasi kwenye lori la mnunuzi binafsi wa korosho, maana biashara ilikuwa imeshaachiwa huru na wanunuzi wa kila aina walikuwa wakipanda huku kwetu. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo haya ya mishipa naandika nilivyosikia. Nikikosea, kosa si la daktari.

Daktari, kijana mpole, alisema mshipa wa damu si kama bomba. Kwa ndani umetandikwa seli, chembe hai ndogo mno zilizobanana bega kwa bega, nazo zinasemeshana. Mahali fulani mwilini pakihitaji damu zaidi, seli za pale huziambia za jirani, za jirani huziambia zinazofuata, habari inapanda na ukuta, misuli ya mshipa inalegea, damu inapita.

"Zinasema Kimakonde au Kiyao?" mama akauliza.

"Hapo mama umenishinda. Nadhani zinanong'ona tu."

"Basi si Wamakonde."

Halafu akafikiri kidogo, akasema hiyo ni njia ya bondeni. Kwetu maji tulikuwa tukiyafuata chini ya mteremko, na njia ni nyembamba. Anayepanda na ndoo kichwani hampishi mtu. Anaita kutoka chini, aliye kwenye kona anampasia wa kona ya juu, mpaka wanaoshuka wanasimama pembeni hata hawajamwona. Daktari alifurahi sana. Akamwambia dawa inasaidia mishipa ilegee, ameze kidonge kila siku, la sivyo anaweza kupooza upande mmoja.

Siku chache baadaye mama mdogo, tuliyekuwa tunakaa naye ua mmoja, alikuwa anatafuta sindano kwenye sanduku la mama. Akatoka na pakiti ya dawa.

"Dada, mbona kimetoka kimoja tu?"

"Hicho kimoja kimeshaita," mama alisema, wala hakuona aibu. "Wengine si wanapasiana wenyewe?"

Mimi niliogopa asije akapooza, lakini kusema haki, hesabu yake niliiona imenyooka.

Mama mdogo akakaa chini karibu naye. "Jana nimeita bondeni mpaka sauti imenikauka. Leo asubuhi nani kanipisha?"

"Wa leo hawakukusikia jana."

"Haya."

Mama aliitazama ile pakiti. "Kwa hiyo hawa wa mwilini ni wasahaulifu?"

"Wamekurithi wewe."

Alicheka, akaomba maji, akameza. Sijui kama alisadiki au alichoka kubishana na mdogo wake. Tuliporudi Masasi, safari hii na mama mdogo, nilimuuliza daktari, akasema si kwamba seli zinasahau, ni dawa inayokwisha nguvu, lakini tusimharibie mama mfano wake. Siku hiyo alimpima, presha ilikuwa imeshuka. Si sana, ila imeshuka.

Njiani kurudi mama alimwambia mdogo wake, "Kuanzia kesho usinikumbushe. Mimi si mtoto."

Kesho yake mama mdogo alimkumbusha. Mama alimnunia, akanyoosha mkono apewe kikombe.