Mshale Uliokwenda Kushoto

Juzi niliona mstari wa namba kwenye daftari la mwanangu, nikamkumbuka baba.

Tuliishi Katoro. Mchana mmoja karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zilikuwa zikinguruma nyuma ya nyumba, na baba alirudi kutoka machimboni akinuka udongo mbichi na jasho. Aliinama juu ya daftari langu, akanyoosha kidole kwenye mshale niliouchora kuelekea kushoto.

“Mwanangu, hapa umegawa kwa hasi mbili. Alama ya ‘ndogo kuliko’ inageuka, inakuwa ‘kubwa kuliko’. Mshale uende kulia.”

Niliziangalia kucha zake zilizojaa tope. Nilidhani hesabu zinajulikana na wenye mashati meupe tu. Sikujua kwamba aliwahi kufika kidato cha pili.

“Baba, hii ni sekondari. Si mambo ya mashimoni.”

Rafiki yangu Nyamizi, niliyekuwa nikisoma naye, alicheka. Baba akaenda kunawa.

Kesho yake mwalimu aliukata mshale wangu kwa wino mwekundu, akachora mwingine kuelekea kulia. Jioni baba akaniuliza, “Mwalimu amesemaje?”

“Nimepata.”

Akatabasamu. “Basi mimi ndiye nimesahau. Nisamehe, mwanangu.”

Nami nikamsamehe.