Mchele Ulipotulia Juu ya Spika

Boksi jipya limelazwa katikati ya karakana, spika yake ikitazama juu, na juu ya spika hiyo zinacheza punje chache za mchele. Mwanamke aliyeliinamia ameshika simu iliyounganishwa na spika, inayotoa mlio mmoja mzito. Anaushusha mlio kidogo kidogo, si kwa kupunguza sauti bali uzidi kuwa mzito. Mchele unaruka kama umetupwa kwenye kikaango cha moto.

"Huo usiupike, umejaa vumbi la mbao," kaka yake anamtania kutoka kwenye meza ya makabati.

Dada Besi, kama mtaa unavyomwita, haondoi macho kwenye punje. Leo hana nafasi ya mizaha. Mlangoni amesimama dereva wa teksi, mwenye boksi, ambaye amekwisha kurudisha mawili kabla ya hili. Kando yake ameketi baba yao, fundi wa makabati na mwenye karakana. Mzee alishatamka: na hili likirudi, kona ya binti itarudi kuwa ya makabati.

Kona yenyewe haizidi kitanda cha watu wawili, lakini ameipigania miaka miwili. Kabla ya hapo alikuwa akipiga msasa milango ya makabati, hadi siku mteja mmoja alipoleta boksi la besi lililopasuka. Ndani yake aliona njia ya hewa iliyokunjwa kufuata ukuta, kama korido. Akaanza kujisomea kwenye simu. Akajifunza kwamba hewa inayosukumwa na mgongo wa spika haiachwi ipotee: hupitishwa kwenye njia yenye upana na urefu wake, ikatokea tunduni ikiimba pamoja na spika.

"Baba alinifundisha kwamba kabati zuri halina mwanya," anasema. "Mimi nikaja na kabati ambalo uzuri wake wote uko kwenye tundu. Kaka akasema nimewajengea panya nyumba."

Boksi lake la kwanza alilijaribu kwa mchele vilevile. Alipoushusha mlio, punje zikatulia ghafla. Kaka akasema spika imeungua. Naye kwa hofu akashika nyundo, akalipasua boksi ili aitoe. Alipoiunganisha mezani peke yake, bila boksi, ikacheza kama kawaida.

Ilimchukua wiki nzima kuelewa. Kwenye mlio ule ambao boksi limepimiwa, spika karibu isimame, kwa kuwa hewa ya tundu ndiyo inayobeba kazi. Mchele ulitulia kwa sababu boksi lilikuwa sahihi.

"Nilivunja boksi langu bora kwa mikono yangu," anasema, na sasa hata yeye anacheka.

La teksi lilimtoa jasho zaidi. Mwanzoni tundu lilikuwa jembamba, na kila besi nzito ilipopiga, hewa ilifoka. Dereva akalalamika kwamba abiria wanadhani tairi limetoboka. Dada Besi akalipanua tundu. Lakini tundu pana hutaka njia ndefu, njia ndefu hula nafasi ya ndani, basi boksi nalo likabidi linenepe. Likakwama kwenye buti. Alikuwa amepima tumbo la buti, akasahau mdomo wake.

Hili la leo amelikata mgongo uwe wa mteremko, lipite kwenye mdomo huo.

Anaushusha mlio hatua nyingine. Mchele unatulia. Punje zimelala kama ziko mezani.

Mzee anainuka. "Imekufa hiyo. Zima."

Kaka ameacha msasa. Dereva anashusha pumzi ya kukata tamaa.

"Njoo baba," binti anasema. "Weka mkono hapa."

Mzee anapeleka kiganja mbele ya tundu. Mkono wa shati lake unaanza kupepea. Anautazama ukipepea. Kisha anafanya anachofanya kwa kila kabati: anapitisha kidole kwenye kingo, akitafuta kasoro. Kingo zimezungushwa, laini kama ukingo wa kikombe.

"Na za ndani?" anauliza.

"Na za ndani, baba."

Mzee anaingiza mkono hadi kiwiko. Anapoutoa, anamgeukia mwanawe wa kiume na kumwambia asogeze makabati, dada yake amebanwa.

Boksi linaingia butini bila kugusa popote. Dereva anafungulia muziki. Vioo vya karakana vinatetemeka, dirisha la jirani linafunguliwa, na tunduni hakuna kinachofoka. Dereva anazunguka gari lake mara mbili, mkono kifuani, akicheka peke yake. Anasema ana wenzake watatu kituoni, atawaleta wote.

Dada Besi anaokota mchele wake punje kwa punje, maana kazi nyingine inakuja. Anataka karakana yake mwenyewe, ukuta kwa ukuta na hii, na mfanyakazi wake wa kwanza ameshampata.

"Ni kaka," anasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye meza ya makabati. "Atapiga msasa kingo za ndani. Zile asizoziona mtu, isipokuwa baba."