Kioo cha Saluni Kilichokwenda Kuwinda Kanga

Siku ile ya kioo, mjinga alikuwa yeye. Mfaume Khalfani analisema hilo mwenyewe, bila kuulizwa, akiwa amelala kifudifudi kwenye majani yenye umande nje kidogo ya Kimbiji, kidevu mchangani, mkono wa kulia umeshika kamba ya wavu.

"Kondoo ana nafuu," ananong'ona, halafu anajicheka mpaka kofia inamdondoka.

Ni asubuhi, jua ndiyo kwanza linachungulia. Mbele yake vimesimama vibao vitatu vya plastiki inayong'aa kama kioo, vimeungwa kwa bawaba. Ukija kutoka mbele huoni kibao wala Mfaume. Unaona majani, na baada ya majani, majani mengine.

"Shii. Hao."

Kanga wa porini wanakuja kwa mwendo wa wenye nyumba, wanadonoa mtama aliowamwagia. Dume linatangulia. Linafika kwenye kibao, linaona dume jingine limesimama chini pale, na hapohapo linavimba. Linapiga kelele, linarusha mateke. Majike yanasogea kuona ugomvi, kama watu wa mtaani tu. Mfaume anavuta kamba, na wavu unawafunika wanne.

Anainuka akichechemea, kisu mkononi, na kabla hajamgusa wa kwanza anasema bismillahi.

Hapo ndipo ilipo siri ya kujificha karibu. "Mteja wangu anataka ndege aliyechinjwa akiwa mzima," anasema. "Ukimpiga bunduki toka kule, mpaka unafika ameshakufa. Kibudu hicho, nimuuzie nani? Na kamba ikiwa ndefu, wavu unachelewa. Lazima uwe karibu, uwasikie wanavyopumua."

Mfaume, mwenye miaka arobaini na sita, hakuanzia hapa. Alikuwa kuli Kurasini mpaka mzigo ulipomwangukia goti. Goti lilipona vibaya, na gunia halibembelezwi. Akachukua kibali, akarudia kazi ya marehemu baba yake ya kutega ndege. Kanga mmoja humpatia shilingi elfu arobaini na tano. Wiki nzuri anapata watano au sita. Wiki mbaya anarudi na matope.

Shida ni kwamba baba yake alikuwa na vichaka vya kujificha. Yeye ana viwanja. Eneo lote limefyekwa na kupimwa, limebaki jeupe, majani mafupi na mawe ya mipaka. Kanga bado wanakuja, lakini wanamwona mtu tangu hajashuka kwenye bodaboda.

"Kichaka kilichobaki huku ni ndevu zangu," anasema.

Ndiyo akawaza kioo. Na kioo kikubwa alichokijua yeye kilikuwa kimoja tu: cha mkewe, Tunu, anayesuka nywele barazani kwao Mbagala. Akamwambia anakipeleka kwa fundi kikabadilishwe fremu. Akakiviringisha blanketi, akakipakia bodaboda.

Alikisimamisha kimeegemea nyuma, kinatazama mashariki. Jua lilipotoka, uwanja mzima ulimulikwa. Kanga wakaruka. Mlinzi wa viwanja, Twaha, akaja mbio na panga.

"Kaka Mfaume, unawinda ndege au unaita meli?"

Twaha ndiye aliyemshauri akiinamishe mbele, kama mtu anayetafuta hela aliyoiangusha, kionyeshe majani na siyo mbingu. Ushauri ulikuwa mzuri. Kanga wakarudi. Dume likajiona, likakirukia kioo kwa miguu yote miwili, kijiti cha kukishikilia kikateleza, na kioo kikalala juu ya jiwe la mpaka. Ubao wa nyuma ulikizuia kisimwagike, lakini kilipasuka toka pembe hadi pembe.

Muda huohuo Mbagala, Tunu alikuwa anamsuka bibi harusi, naye bibi harusi anauliza, "Sasa mie najiona wapi?" Tunu alimpiga picha kwa simu, moja ya mbele, moja ya nyuma, moja ya upande, huku akimlaani fundi wa fremu ambaye hajapata kuwepo duniani.

"Kilirudi na manyoya," anasema Tunu. "Nikamuuliza, huyo fundi wako anafuga?"

Siku tatu hakusemeshwa. Ila kosa lile ndilo lililomfundisha kuwa dume likigombana, kundi zima linasogea. Akatafuta mabaki ya plastiki kwa fundi mabango, kitu kisichopasuka, na kazi ikashika. Kioo cha Tunu hakikushika. Miaka miwili sasa kiko barazani na ufa wake, kila anayekaa mbele yake anajiona nyuso mbili, na kuna walioinuka hawakurudi.

Mchana, Mfaume anafika nyumbani na habari njema. Mzee Husseinali, mteja wake wa siku nyingi, anamwoza binti yake na anataka kanga kumi na wawili. Ametanguliza hela.

"Nanunua vibao vingine vitatu," anatangaza, futi kamba mkononi. "Naweka mtego wa pili kule bondeni."

"Na kioo changu?" Tunu haachi kusuka.

"Kioo chako mwezi ujao, inshallah."

"Mwezi ujao huo nausikia toka mwaka juzi."

"Mama, nielewe. Wale wenye viwanja wakishajenga kuta, kanga basi tena. Hawanisubiri! Wateja wako wewe wapo tu, nywele hazikomi kuota."

Mteja aliyekaa kwenye kigoda anainamisha kichwa asionekane anacheka. Tunu anafunga msuko, anauchovya kwenye maji ya moto, anaufuta taratibu.

"Mfaume. Ukiwakosa wa kwako, tunakula kwa hawa wangu. Nikiwakosa hawa wangu, tutakula nini, vibao?"