Dawa ya Mchana

Miezi yake ya mwisho Mama aliimalizia kwangu, Kilole. Tulimtoa kijijini kwake, Mazingara, baada ya hospitali kusema kwamba saratani ya shingo ya kizazi imeshasambaa, upasuaji hautasaidia, kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Nililia siku hiyo, kisha nikaacha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na darasa halisubiri mtu amalize kulia.

Dawa ilikuwa mofini ya maji, chungu kama shubiri. Muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kutuliza maumivu ya wasiopona, alikuja kwa bodaboda akanionyesha kuipima, akasisitiza inywewe kwa saa zake, maumivu yasingojwe yapande. Ya alfajiri na za jioni nilimnywesha mwenyewe. Za mchana nilizipima kwenye vikombe viwili, nikavifunika kwa visahani kando ya kitanda. Cha kwanza anywe akisikia kengele ya mapumziko, cha pili watoto wa madarasa ya chini wakipita kurudi kwao. Nikirudi nilikuta vikombe vitupu, na Mama amekunja magoti, ameuma pindo la kanga, akiniambia hajambo.

Mume wangu ni fundi cherehani, na hushonea barazani, nyuma ya ukuta wa chumba kile. Kwetu Wazigua, mkwe ni mkwe. Mama hakuwahi kula mbele yake, na yeye hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba anacholala Mama. Walisalimiana kupitia ukuta. Nikimuuliza mume wangu Mama ameshindaje, alisema ni kimya tu, hajasikia hata mguno. Kwake hiyo ilikuwa habari njema.

Muuguzi aliporudi alishangaa dozi ile kushindwa kazi. Kabla ya kuiongeza, aliinama akaitazama ndoo ya majivu tuliyomwekea Mama ya kutapikia, akamuuliza taratibu kama dawa za mchana huishia humo. Mama akageukia ukuta. Mimi hasira zikanipanda, nikamuuliza tunahangaika ya nini kama dawa yenyewe anaimwaga.

Alinitazama mimi, si muuguzi.

"Dawa hiyo inanilaza, mwanangu. Nikilala nitajifunua, nitakoroma, na mkwe yuko hapo nje. Wewe uko shule. Nani atanifunika?"

Muuguzi alimweleza kwamba usingizi ule hupungua baada ya siku chache, mwili ukiizoea dawa. Mama alimsikiliza kwa adabu, na nikajua hajabadili kitu. Jioni nilimwambia mume wangu ahamishie cherehani sokoni. Akaendelea kukunja vitambaa vyake. Huyu ni mtu wa kukuahidi suruali Ijumaa ukaipata mwezi ujao, basi nikaona na hilo limeingia foleni.

Kesho yake, Jumamosi, nilimkuta amesukuma sare za watu pembeni. Alikuwa anashona gauni la kitenge, la mikono mirefu, refu kupita miguu, lenye kamba za kufungia chini ya nyayo. Vipimo alichukua kwangu, kwa sababu mkwe hapimwi. Alipomaliza akanikabidhi nimpelekee, akasema kwa sauti ya kupenya ukutani:

"Mwambie Mama, hata akikoroma, mimi sijasikia kitu."

Mama alilipapasa gauni, akazivuta kamba kuona kama zimeshika. Akanipa miguu nimvalishe.

Jumatatu nilitoka shule roho juu. Barazani cherehani ilikuwa imefunikwa. Mume wangu alikuwa amehamia upande wa pili wa ua, juani, anapindia sketi ya shule kwa sindano ya mkono. Nikasikia mkoromo wa Mama, mzito, wa mtu aliyelala kwelikweli. Nilifurahi mpaka nikakaa pale pale chini.

Nikamuuliza mume wangu Mama amelala tangu saa ngapi.

"Mimi sijasikia kitu," alisema, akaendelea kupindia.