Siku Mama Nduku alipofungia intaneti kwenye kabati la sukari

Wakuu, shikamooni mliotangulia, na vijana niaje.

Nimesoma nyuzi zenu za wireless za ofisini nikatabasamu peke yangu. Ngoja niwape ya kwetu Machakos, katikati ya miaka ya elfu mbili. Sina haja ya kuongeza chumvi, wa kunisuta bado wako hai.

Tulikuwa ofisi ndogo ya kuuza vyondo, vile vikapu vya katani, nje ya nchi. Mwenye biashara ni Mama Nduku, ofisi yake ghorofani. Chini kulikuwa na stoo, na mwenye stoo ni mimi, Kyalo.

Akina mama walileta vyondo hata kutoka Masinga. Stoo nzima ilinukia katani. Mchana jua likiingia dirishani, vumbi la katani lilielea hewani polepole, nami nikikaa nalitazama hadi nisahau nilichokuwa nahesabu. Ndiyo, mimi ni mtu wa kuota mchana. Nacheka nikikumbuka.

Sasa kulikuwa na Mutheu. Yeye ndiye aliyepiga picha vyondo na kuwaandikia wateja.

Vyondo viko chini, kompyuta iko juu kwenye waya mmoja wa intaneti. Anapiga picha chini, anapanda, anatuma. Mteja anataka kuona kitako cha kiondo. Anashuka tena. Kutwa nilisikia viatu vyake kwenye ile ngazi ya chuma, na niliipenda sauti ile. (Hatukuwa wachumba, msinianze.)

Halafu akateleza kisimani kwao, akavunjika mguu vibaya.

Alirudi kazini na magongo. Ngazi ilikuwa imesimama kama ukuta. Alijaribu kupanda, akakwama katikati, ikabidi nimshushe mgongoni akina mama wakitazama. Alilia kwa aibu. Mimi niliumia kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Mama Nduku hakuwa mtu mbaya. Alishuka, akaketi kando yake.

"Mutheu, mwana wakwa, mimi nakupenda. Lakini kazi yako iko huko juu na wewe uko huku chini. Mwisho wa mwezi nitaleta mtoto wa dada yangu."

Najua mtauliza, si mngeshusha intaneti? Kuta ni za mawe, na mwenye jumba alikataa katakata zisitobolewe. Tulipitisha waya nje ya dirisha, mbuzi wa sokoni akautafuna. Wallahi sitanii.

Aliyetuokoa ni Hassan, mtoto wa huyo huyo mwenye jumba, aliyekuwa na duka la kompyuta hapo jirani.

"Kuna hii kitu inaitwa wireless, intaneti bila waya," akasema. "Hakuna kutoboa ukuta ya mzee."

Akaleta kisanduku chenye antena mbili, akakiweka kwenye meza ya Mama Nduku. Chini akampa Mutheu laptop kuukuu.

Mutheu akabonyeza barua ya mteja, akangoja. "Imefunguka," akasema kwa sauti ndogo, kama mtu aliye kanisani.

Wakuu, nilitazama dari muda mrefu. Barua ya mtu wa ng'ambo ilikuwa imepita katikati ya mawe bila kugonga, kama harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa jirani. Siku hiyo nilirudi nyumbani kwa miguu nikiangalia milima ya Iveti, nikiwaza hewani kumejaa maneno ya watu nasi tunapita tu katikati yake.

Kesho yake ndoto ikakatika.

Mteja mkubwa alikuwa akingoja picha za vyondo vipya. Akina mama wa Masinga wamefika, Mutheu amefungua laptop. Hakuna mtandao. Akazima, akawasha. Hakuna. Hassan alikuwa ameenda Athi River kuchukua mzigo, na simu yake haipatikani.

Mama Nduku akachungulia kutoka juu. "Hii ukuta imeshinda hii kitu. Wacha nipigie dada yangu simu, huyo msichana aje."

Mutheu akaanza kutia vitu vyake kwenye mfuko, kikombe chake, sweta yake.

Lakini wageni ni wageni, lazima wanywe chai. Nikapanda kuomba sukari.

Hapa niwaeleze kidogo. Ofisini kwetu kitu cha maana kilifungiwa. Simu ya mezani ilikaa kwenye kisanduku cha mbao chenye kufuli. Sukari ilikaa kwenye kabati la chuma, na ufunguo ulifungwa kwenye pindo la leso ya Mama Nduku.

Akafungua kabati.

"Kyalo! Imerudi!" Mutheu akaita kutoka chini.

Mama Nduku akanipa sukari, akafunga kabati.

"Aiya! Imepotea tena!"

Tukatazamana. Akafungua tena, polepole. Pale ndani, kando ya vikombe vya wageni, kisanduku cha Hassan kilikuwa kimeketi kikipepesa taa zake, kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Nyaya zake zimepitishwa kwenye tundu la nyuma.

"Mama, kwa nini?"

"Si wezi, Kyalo! Hii si ndiyo intaneti ya ofisi yote? Niiache tu hapo nje kama kikombe?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Yeye naye akacheka, machozi yakamtoka.

Ila kukiacha peupe alikataa. Basi tukakitia ndani ya kiondo, tukakining'iniza kwenye msumari juu ya mlango. Mwizi ataona kiondo tu, na katani haizuii signal.

Picha zikaenda. Mteja akaomba kuona kitako cha kimoja, Mutheu akakigeuza hapo hapo, aliyekisuka akiwa kando yake.

"Anakiona saa hii?" mama yule akauliza.

"Saa hii, mama."

Akarekebisha kitambaa chake cha kichwa.

Mama Nduku akampigia dada yake, akamwambia msichana asijisumbue. Baada ya hapo yeye mwenyewe alizoea kushuka na kujibu wateja barazani, katikati ya wasusi, na hatukuitana tena kwa kelele kwenye ngazi.

Funzo langu: mkinunua wireless msiulize tu kasi yake. Ulizeni nani ofisini kwenu hawezi kuifikia kazi yake. Na msiifungie kwenye chuma!

Nilipita pale juzi. Router ni mpya, kiondo ni kile kile. Mutheu anatembea vizuri kabisa, lakini meza yake bado iko stoo. Nikamuuliza mbona hajarudi ghorofani.

"Mambo ya juu yalinifuata chini, Kyalo. Nipande kufanya nini?"

Haya wakuu, na nyinyi semeni ukweli. Ya kwenu mliificha wapi?